Sura ya Nne: Hakufa kwa Risasi

Habari ililetwa nyumbani kwetu Tabora na wanajeshi wawili waliokuja na Land Rover, mwezi wa Mei 1979. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi alikuwa ameketi mkekani chini ya mwembe, ungo mapajani, akichambua mchele. Wale wanajeshi walivua kofia, wakamwamkia, kisha wakaomba waitiwe mwanamume wa nyumba. Bibi akawajibu kwamba mwanamume wa nyumba alikwisha kufa, kwa hiyo waseme. Wakasema. Mama alipiga ukelele, majirani wakaanza kumiminika uani, na Bibi akaendelea kutoa chuya na vijiwe, kimoja baada ya kingine, mpaka ungo mzima ukawa safi. Ndipo akaumimina mchele kwenye sufuria, akainuka, akaingia ndani.

Aliyekufa alikuwa kaka yake mama, kijana wa miaka 24. Jina lake kamili limechongwa mahali nitakapopafikia baadaye. Humu nitamwita Mjomba, kama nilivyomwita alipokuwa hai.

Mjomba alikuwa dereva wa Jeshi la Wananchi. Aliendesha lori la chakula: unga, maharage, mafuta, mapipa ya maji. Lori lake lilipinduka usiku, masika yakinyesha, kwenye njia ya Masaka, Uganda, siku chache baada ya Kampala kuanguka. Hakuna aliyemfyatulia risasi. Palikuwa na utelezi, kona, na uchovu wa mtu ambaye hakuwa amelala siku mbili.

Hilo la ajali lilitusumbua kuliko nilivyoweza kulielewa nikiwa mtoto. Waliokuja kutupa pole waliuliza, "Alipigwa wapi?" Walipojibiwa, nyuso zao zilibadilika kidogo, kama kwamba msiba umepungua uzito. Mwaka uliofuata, darasani, mwalimu alitutaka tuliofiwa na ndugu vitani tusimame. Nikasimama. Mwenzangu wa dawati la nyuma akasema kwa sauti, "Wa kwao alipata ajali ya gari." Mwalimu akaniashiria nikae. Nikakaa, na kwa zaidi ya miaka kumi sikumtaja tena Mjomba mbele ya watu.

Vijana wengi wanavijua vita vya Kagera kwa aya mbili za kitabu cha historia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kulishika eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Amin akatangaza kuwa ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, na hotuba ile ya nia, sababu na uwezo wazee wetu wanaikumbuka hadi leo kwa moyo. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa. Jeshi likapanuliwa kwa haraka kwa kuingiza mgambo na vijana kutoka kila mkoa, nalo Januari 1979 likauvuka mpaka pale Mutukula. Februari likaingia Masaka, tarehe 11 Aprili likaitwaa Kampala, na tarehe 3 Juni vikosi vya mbele vikafika mpaka wa Sudan. Ni mamia ya kilomita, na sehemu kubwa askari wetu waliikata kwa miguu.

Nilikuwa mtu mzima nilipokutana na hesabu ya vifo vya jeshi letu katika vita vile. Hesabu ile ilisema askari waliokufa ni 373. Kati yao, waliouawa katika mapigano yenyewe ni 96.

Niliisoma sentensi ile mara tatu. Maana yake ni kwamba kati ya kila askari wanne waliokufa, karibu watatu hawakufa kwa mkono wa adui moja kwa moja. Waliuawa na magari, maradhi, mito, silaha zilizofyatuka zenyewe, yaani mambo yote yanayolipata jeshi kubwa lililoundwa kwa miezi michache na kutembezwa nchi nzima wakati wa mvua. Mjomba alikuwa mmoja wa wale wengi. Nilikuwa nimemwonea haya mtu ambaye kifo chake ndicho kilichokuwa kifo cha kawaida cha vita vile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatafuta wafu wa namna yake, waliokufa vitani bila kupigwa risasi, kutaka kujua walifanyiwa nini. Utafutaji huo ulinirudisha nyuma zaidi ya Kagera, mpaka Kariakoo.

Tunapanda daladala kwenda Kariakoo, tunanunua vitenge na vipuri vya simu, na jina hilo tunalitaja kutwa nzima. Asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Nairobi nako kuna Kariokor, asili ni hiyo hiyo. Afrika Mashariki ya wakati ule haikuwa na barabara za malori, na mbung'o waliwamaliza farasi, punda na ng'ombe. Mzigo wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, ukawekwa basi juu ya kichwa cha mtu: magunia ya unga, masanduku ya risasi, vipande vya mizinga, machela ya majeruhi, hata vitanda vya maofisa. Sisi watu wa Unyamwezi babu zetu walikuwa wameshajulikana kwa kubeba mizigo ya misafara ya pwani katika karne ya 19, kwa hiyo kila jeshi liliwataka. Tabora ilipotwaliwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916, majeshi hayo nayo yalikuja na maelfu ya wapagazi kutoka Kongo.

Upande wa Waingereza peke yake ulichukua watu wapatao milioni moja kwa muda wote wa vita. Wapo waliokwenda kwa ujira, na wapo wengi waliokamatwa vijijini na kuswagwa. Waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000. Risasi iliua wachache mno kati yao. Wengine waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na chakula chenyewe. Mtu aliyezaliwa kwenye ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi na dakika chache za kuupika, akaula nusu mbichi siku nenda siku rudi, huku akitembea na mzigo kwenye mvua na blanketi moja. Tumbo likamwendesha mpaka akalala kando ya njia. Msafara ukapita.

Huyo ndiye Mjomba wa mwaka 1917. Alikuwa analisha jeshi. Tofauti yao ni lori tu.

Sasa nenda barabara ya Samora, Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari. Ilisimamishwa mwaka 1927. Askari wa shaba ameinama kidogo, bunduki mkononi, bayoneti imeelekea bandarini. Kwenye kitako kuna maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Maneno yale yalitungwa na mwandishi Rudyard Kipling. Yanawataja askari, yanawataja na wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nimeizunguka sanamu ile mara nyingi, asubuhi kabla magari hayajajaa, nikitafuta jina. Hakuna hata moja. Ahadi ya kukumbuka jina imeandikwa kwa lugha mbili na herufi za aina mbili, juu ya kitako kisichotaja jina la Mwafrika yeyote.

Watu hudhani majina yale yalipotea kwa bahati mbaya. Sivyo. Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917, ilijiwekea kanuni kwamba kila aliyekufa atatajwa kwa jina, bila kujali cheo, rangi wala dini. Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa, na ndiyo maana Ufaransa kuna mawe meupe safu kwa safu, na kuta zenye majina ya watu ambao miili yao haikuonekana. Huku kwetu iliamuliwa vinginevyo. Wenyeji wangekumbukwa kwa jumla, kwa sanamu ya Dar es Salaam na zile za Nairobi na Mombasa, na makaburi mengi ya wapagazi yakaachwa yarudi kuwa pori. Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Mpagazi alipochukuliwa alipewa namba, ikagongwa kwenye kibati akakivaa. Namba ilihitajika ili apewe mgao wa unga na ujira wake uhesabiwe. Alipokufa, hakuna aliyeona haja ya kuigeuza namba ile iwe jina tena. Naiita dhuluma, kwa sababu sijui neno jingine lililonyooka la kuiita.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa afadhali kwa jambo hili moja. Babu, baba yake Mjomba, alikwenda Burma na Keya, kama watu walivyoiita KAR (King's African Rifles). Alikuwa mmoja wa Watanganyika zaidi ya 80,000 walioingia katika majeshi ya Waingereza kati ya 1939 na 1945. Alirudi mzima, akamwoa Bibi mwaka 1947, na kuhusu Burma alizungumzia mvua na ruba tu. Waliokufa katika vita hivyo walitajwa kwa majina. Meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, ikaenda chini kwa dakika chache tu na watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hawana makaburi, lakini ukienda kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, majina yao yako kwenye ukumbusho.

Babu alituachia nyota ya shaba yenye ncha sita na utepe wake wa buluu iliyokoza, nyekundu na rangi ya machungwa. Nimeigeuza nyuma kutafuta jina lake. Nyota zile zilitolewa bila majina, hata kwa Waingereza wenyewe. Angekufa bila kutuambia ni yake, leo ingekuwa kipande cha chuma cha mtu yeyote.

Nyota hiyo Bibi aliitunza katika sanduku la bati, chini ya kanga zake, pamoja na barua moja ya Mjomba kutoka Uganda. Barua ina mistari kumi na mmoja. Anasalimia watu tisa kwa majina, anauliza kama paa la jikoni limeezekwa, anasema huko ndizi ni nyingi. Vita havimo. Mara ya kwanza niliposoma niliona haina kitu. Sasa naona kwamba kijana wa miaka 24, aliyekuwa akilala chini ya lori, alitumia karatasi yake moja kututaja mmoja mmoja.

Siku yetu ya kuwakumbuka ni tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Kwa miaka mingi niliihudhuria Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kabla sherehe za kitaifa hazijahamia Dodoma. Nawasihi wanaoiona kwenye televisheni tu waende angalau mara moja, maana kamera haionyeshi ukimya wake. Tarumbeta inalia, mzinga unapigwa, na maelfu ya watu wanasimama bila hata kukohoa. Kisha silaha za jadi zinawekwa kwenye mnara. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, na baada yao huja shada la maua, upinde na mishale, na shoka. Viongozi wa dini wanaomba dua kwa zamu. Wazee waliopigana wamekaa mbele, makoti yao yakinuka dawa ya nondo ya kabatini, medali zimewashukia kifuani, na wengine wameshikiliwa na wajukuu.

Naipenda ibada ile kwa moyo wote. Shada tumelikuta kwa wageni, lakini shoka na upinde ni vyetu, na vinasema kwamba waliokufa ni watu waliokuwa na vyombo vyao, wakavitua. Hata hivyo, taifa likisema "mashujaa wetu", linasema kwa wingi. Haliwezi kufanya vinginevyo. Umoja, yaani yule mmoja aliyeuliza habari za paa la jikoni, umeachiwa nyumba yake.

Kwetu tulimsomea Mjomba hitma kila Julai, mkeka ule ule, ubani, kashata na kahawa. Tukampa mtoto jina lake, na kisha wajukuu wawili wengine. Jirani zetu Wakristo walimwombea ndugu yao tarehe 2 Novemba, misa ya marehemu wote. Lakini Bibi hakuwa ameliona kaburi, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Alikuwa akisema mtoto wake amelala ugenini kama mpita njia.

Julai 2003 tulimpeleka. Alikuwa na miaka 75. Tulipanda treni ya Mwanza, tukalala kwenye meli ya MV Victoria, na asubuhi tukateremka Bukoba. Kutoka pale tulikodi gari hadi Kaboya, wilaya ya Muleba, kambi ya jeshi ambako askari wetu wa vita vya Kagera walizikwa pamoja. Migomba njia nzima, ukungu haujainuka. Bibi hakusema neno. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki wenye udongo wa chini ya mwembe.

Pale pana mnara mweupe wenye majina. Nilianza kuyasoma nikifuata kwa kidole, na nilipolifikia jina lile mkono ulinitetemeka. Bibi, ambaye alisoma Kurani vizuri lakini herufi za Kirumi hakuzijua, akasogea.

"Ndilo hili, mume wangu?"

"Ndilo, Bibi. Hapa linaanzia, hapa linaishia."

Akaweka kidole chake mwanzoni, akakipitisha taratibu juu ya kila herufi mpaka mwisho. Akarudia. Kisha akauliza swali ambalo najua alikuwa nalo tangu siku ya ungo.

"Wameandika alikufaje?"

"Hawakuandika, Bibi. Jina tu."

"Na huyu wa juu yake? Na huyu?"

"Wote majina tu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akafungua mfuko, akamwaga udongo chini ya mnara, akaomba dua. Tulipokuwa tukirudi kwenye gari alisema, "Basi wamelingana." Hakuongeza kitu, na mimi sikuweza kumjibu.

Jiwe la Kaboya halikumtenga aliyepigwa risasi kwenye mapigano ya Lukaya na aliyepinduka na magunia ya unga. Hapo nchi yetu, maskini kama ilivyokuwa baada ya vita vile, ilifanya jambo ambalo dola kubwa kuliko zote za wakati wake haikulifanya kwa wapagazi wetu. Sioni fahari kubwa zaidi ya hiyo katika habari yote ya vita vya Kagera.

Bibi alifariki mwaka 2009, na sanduku likaja kwangu. Nimejifunza mambo machache kwa kulitunza, nayo nayatoa hapa kwa anayeyahitaji. Medali usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, inalika. Barua usizikunje tena pale zilipokunjwa, zitapasuka. Picha ya zamani iandikwe nyuma kwa penseli laini: nani, wapi, mwaka gani. Waliokufa katika majeshi ya Waingereza hutafutwa kwa jina kwenye orodha ya Tume ya makaburi, ambayo iko kwenye intaneti bila malipo, na mpagazi asipoonekana usidhani kwamba wazee wako walisema uongo. Karatasi hupotea: inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wazee wa Mjerumani waliobaki hai, wengi waliofika Mwanza hawakuwa na cheti chochote. Ofisa akampa kila mmoja fagio na kumwamuru kwa Kijerumani ashike silaha. Miili yao ilikuwa bado inakumbuka amri. Lakini mwili unakufa na mwenyewe, na baada ya hapo hakuna wa kumpa fagio.

Waliopigana Kagera wakiwa na miaka 20 sasa wamepita 60, na wengi hatunao. Kama nyumbani kwenu yuko mmoja, au yuko mjane wake, nenda wiki hii na daftari. Muulize jina lake kamili, namba yake ya jeshi, kikosi, alipotokea, nani alikuwa naye, nani hakurudi. Usimuulize aliua wangapi. Muulize walikula nini na nani aliwaletea. Akikutajia dereva, mpishi, mbeba machela, mshona viatu, andika na hao. Kisha soma kwa sauti ulichoandika, akusahihishe tahajia ya kila jina.